Ndege Aliyekufa Kiserikali

Ipo nchi moja ambayo haimo katika ramani zetu, na mwenye ramani inayoionyesha namshauri aikunje mapema. Ni nchi yenye amani. Ina amani nyingi mno, hata wakubwa wake walikosa wa kupigana naye, wakaamua kupigana na ndege.

Mtawala wake, ambaye huitwa Mtukufu hata na mkewe, alisafiri kwenda ng'ambo kutibiwa goti, kwa kuwa hospitali za nchini zilijengwa kwa ajili ya magoti ya wananchi. Akiwa huko alialikwa shambani kwa tajiri mmoja. Akawaona waungwana waliovaa makoti ya sufi na kofia zenye unyoya, wamesimama kwenye matope kwa hiari yao, wakiwapiga risasi ndege ambao hawakuwa wamewakosea lolote. Kisha wakanywa chai. Mtukufu akapendezwa sana. Aliporudi, goti likiwa linauma vilevile, alilitangazia taifa kwamba kuwinda ndege kwa bunduki ya marisau, ndani ya koti la sufi, ni mila ya kale ya mababu iliyokuwa karibu kupotea.

Wazee waliokumbuka mababu zao wakitega kware kwa ulimbo, vifua wazi, waliombwa wakumbuke tena. Wakakumbuka.

Ikatungwa Sheria ya Maanguko. Popote Mtukufu atakapompiga ndege, sheria ilisema, patakuwa Hifadhi ya Shabaha ya Taifa, na wakazi wake watahamishwa kwa furaha. Mbunge mmoja aliyekuwa mgeni wa kazi aliuliza hifadhi hiyo itaishia wapi. Akajibiwa kwamba itaishia pale ukemi, ule mwito wa sauti kuu wa "Amepata", utakapokoma kusikika. Na ukemi huo hautapigwa na serikali, maana serikali ya watu haijisifu. Utapigwa na mwananchi wa mahali hapo, kwa hiari yake, baada ya kufanyishwa mazoezi.

Kuhusu kama ndege mwenyewe ataanguka au hataanguka, sheria haikujishughulisha. Mtukufu alikuwa hajawahi kumwangusha ndege yeyote, isipokuwa kuku wa mwenyeji wake kule ng'ambo, tena kwa gari. Ndege akipigwa na Mtukufu na bado akaruka zake, alihesabiwa amekufa kiserikali, na kule kuruka kukachukuliwa kuwa ukaidi wa marehemu.

Hivyo ndivyo kilivyokwenda kilima cha Mkanga. Mtukufu alifyatua, kanga wakakimbilia vichakani wazima wa afya, mwananchi wa hiari akapiga ukemi, na kabla jua halijatua watu wa kilima walikuwa juu ya malori wakielekea uwanda wa mawe uitwao Kijiji cha Shukrani. Huko walipewa bendera, na maji siku za sherehe.

*

Habari kwamba safari hii Mtukufu anataka bata zilifika bonde la Mbungala wakati mpunga umeanza kuinama.

Siwazuri binti Mkopi zilimkuta juu ya dungu lake, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba, kombeo mkononi, akiamia, akiwafukuza ndege wasile mpunga. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba kama ufito, na Mungu alimpa sauti iliyokusudiwa mtu mwingine mkubwa zaidi. Shamba lile alilivunja yeye na marehemu mumewe, matete yakiwa marefu kuliko nyumba, na hakuwa na kingine duniani cha kuitwa chake.

Watu wa Mbungala hawaamii kila mtu peke yake. Ukiwafukuza kwelea kwelea shambani mwako tu, umempelekea jirani, na jirani naye atakurudishia. Kwa hiyo madungu yao yamepangwa kufuata mto, na ukemi unaopigwa dungu la kwanza hupokewa na la pili, kisha na la tatu, hadi bonde zima linalia neno moja na ndege hawana pa kutua. Ukifika dungu la mwisho, hurudishwa ulikotoka. Mwenye kupokea hahoji. Ukisimama kuuliza maana ya ulichosikia, ndege wameshashiba. Ndiyo maana bondeni humo huitwa chochote kinachojaza kinywa: jina la samaki, jina la ugonjwa, jina la mkwe asiyependwa na watu.

Dungu la kwanza lilikuwa la Siwazuri.

Dokta Kilindo, Waziri wa Ndege na Furaha ya Umma, alikuja kukagua bonde akifuatana na Bwana Pazi, mtendaji wa kata. Walisimama ukingoni wakausikia ukemi wa Siwazuri ukiondoka, ukipokewa, ukizidi kwenda mpaka ukawa mdogo kama mlio wa mbu, kisha ukirudi. Waziri akamwuliza Pazi unafika wapi. Pazi akasema unafika hadi mto unapoingia ziwani. Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akalitazama bonde kama mtu anayetazama sinia la pilau kabla ya bismillahi. Kule Mkanga walipata kilima kimoja tu, kwa kuwa mwananchi wao wa hiari alikuwa na pumu.

Papo hapo Siwazuri akateuliwa kuwa Mwananchi wa Hiari. Akaambiwa ashuke afanye mazoezi.

"Mtukufu atapiga," alimweleza Waziri. "Wewe utatulia kidogo, kichwa upande, kama mtu aliyepigwa na mshangao. Kisha utaita: Amepata."

"Na akikosa?"

Waziri akamgeukia Pazi ili amfafanulie swali. Pazi, ambaye alizaliwa hapohapo na mama yake alikuwa na dungu upande wa pili wa mto, alisema naye halijamwingia.

"Nauliza, ndege asipopigwa," alisema Siwazuri.

"Mama," Waziri akamjibu kwa upole, "ndege hana mamlaka ya kutopigwa."

Akaendelea kumpa habari njema. Kwa kuthamini koo lake, serikali ilimtengea kiwanja Kijiji cha Shukrani, karibu kabisa na bendera, naye angekuwa wa kwanza kupanda lori. Siwazuri akauliza kuhusu mpunga, kwamba unakaribia kukatwa. Waziri alisema asihangaike, serikali haiwezi kuacha chakula kiharibike. Mpunga utaliwa na ndege, ndege watanenepa, na ndege mnene ni rahisi kumwona. Alilisema hilo akiwa ameweka mkono kifuani, na Pazi akapiga makofi peke yake.

*

Jioni hiyo Siwazuri alikwenda kwa Mzee Ndembo, mwenye dungu la pili. Alimkuta barazani akisuka kombeo kwa nyuzi za katani. Makabila yao yalikuwa watani, na kwa watani hakuna salamu ya heri. Ndembo alimwambia amesikia cheo chake kipya, na kama atafungwa, basi yeye ndiye mrithi wa nguo zake, zote mbili.

Siwazuri hakucheka. Alimweleza alivyolipima jambo hili tangu asubuhi. Akiita kama alivyofundishwa, bonde linakwenda, tena limekwenda kwa koo lake. Akinyamaza, watamshusha wampandishe mwingine, maana Pazi ameshasema yuko kijana wa kwaya anayeweza kuvunja glasi. Kunyamaza hakuokoi kitu. Ilimbidi aseme neno, na neno lenyewe alikuwa analo, ila lilimtisha.

Ndembo aliendelea kusuka.

"Mimi ni dungu la pili," alisema. "Dungu la pili halina maoni. Ukiita moto, nitaita moto. Ukiita harusi, nitakwenda kuoga."

"Na wakikuuliza?"

"Nitawaambia nilipokea. Kila mtu bondeni humu atasema alipokea." Akaukata uzi kwa meno. "Wewe ndiye huna wa kumsingizia, binti Mkopi. Ndiyo raha ya dungu la kwanza hiyo, unaona mbali na unaonekana mbali."

Siwazuri akamwambia ana ulimi kama mwiba wa kambare. Ndembo akasema ndiyo, na kambare huyo hajawahi kuliwa na mtu wa kabila la Siwazuri, wanaogopa.

*

Siku ya siku ikafika na magari meusi. Kwanza likasimamishwa hema la chai. Kisha wakateremshwa mbwa wa ng'ambo waliofunzwa kuleta ndege aliyeanguka. Kwa kuwa katika utumishi wao wote hawakuwahi kumwona, walikuwa wamenenepa na kupandishwa vyeo, na mkubwa wao alishushwa kwa mwavuli. Mwisho akashuka Mtukufu, koti la sufi hadi magotini, kofia yenye unyoya, jasho likimchuruzika mpaka ndani ya buti.

Dokta Kilindo alihutubia. Aliwakumbusha watu wa Mbungala kwamba mababu zao walisimama papa hapa, ndani ya makoti kama haya, wakinywa chai kama hii. Alisema adui wa maendeleo ni watatu, ujinga, maradhi na bata. Aliwapongeza wananchi kwa furaha watakayokuwa nayo watakapohamishwa, akaongeza kwamba malori yapo nyuma ya kichaka, yamepambwa.

Siwazuri alikuwa juu ya dungu lake. Kutoka pale aliyaona malori. Yalikuwa yamepambwa kweli, maua ya karatasi.

Kimya kikaamriwa. Kwenye upepo wa mto akatokea bata bukini mmoja, mzee, mnono, akiruka chinichini kwa uvivu kama mtu anayerudi kutoka kwenye karamu. Hata mbwa walimwona. Mtukufu akainua bunduki, akafumba jicho, kisha kwa uhakika zaidi akafumba na la pili, akafyatua.

Marisau yakapasua paa la hema la chai. Bata bukini akapinda shingo, akageuza, akarudi kidogo kutazama kumetokea nini, kisha akaendelea na safari yake.

Watu wote wakainua macho dunguni. Waziri aliinamisha kichwa upande kumkumbusha Siwazuri mshangao. Siwazuri aliutazama mpunga uliokuwa umeanza kupata rangi ya shaba, akawatazama wale askari waliopanga mstari chini yake, akajua kwamba wangekuwa wa kwanza kumfikia na kwamba ngazi ya dungu ina vipago vichache tu. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

"Amekosaaa."

Lilitoka safi, refu, lisilo na kigugumizi. Mzee Ndembo, aliyekuwa ameupa uwanja mgongo, akalipokea bila hata kugeuza shingo. Amekosa. Dungu la tatu likapokea kutoka kwake, na la nne, na mama yake Pazi ng'ambo ya mto naye akapokea kwa sauti ya ukongwe yenye mikwaruzo, na neno likateremka na mto, kona kwa kona, mpaka ziwani.

Mtukufu akauliza wanasemaje. Waziri akamjibu kwamba wanashangilia, ila kwa lafudhi ya mtoni. Bahati mbaya wakati huo neno lilikuwa limefika dungu la mwisho na sasa linarudi, na linaporudi huwa limepikwa na makoo mengi. Likapanda bonde, likampitia Mtukufu kifuani. Mtukufu alikuwa na kasoro zake, lakini uziwi haukuwamo.

Akafyatua tena. Siwazuri, ambaye hakulelewa kuacha kazi katikati, akaita tena. Bonde likapokea tena. Sasa ndege wa Mbungala wanaujua ukemi kuliko watu wanavyoujua, na waliposikia unakwenda na kurudi, wakanyanyuka wote kwa mara moja, bata maji, kwelea kwelea, korongo, yangeyange, mbingu ikawa nyeusi. Mtukufu akafyatua katikati ya wingu lile, mahali ambapo jiwe la kipofu lingeangusha kitoweo. Hakuna kilichoanguka ila maganda ya risasi. Kukosa mbingu nzima si jambo la kila mtu. Kunataka kipaji.

Dokta Kilindo alikimbia hadi chini ya dungu, akakunja viganja mdomoni, akaita mwenyewe, Amepata. Lakini sauti yake ilikuwa imelelewa kwenye vipaza sauti, ikafika kwa mbwa wa pili ikafia hapo. Ndembo aliisikia. Hakuipokea. Ukemi usiotoka dunguni haupokewi, mtoto yeyote wa Mbungala atakwambia.

Marisau yalipokwisha, Mtukufu akampa mtu bunduki, akaingia garini na koti lake. Malori yakaondoka matupu, maua yakipeperuka.

Siwazuri aliteremka dunguni mwenyewe kabla askari hawajapanda. Alisema hapendi kuonekana anashushwa.

*

Kesi ilifunguliwa mjini. Mwendesha mashtaka alisimama, akafungua jalada, akasoma kwamba siku ya tukio, mshtakiwa alitamka neno.

Hakimu akauliza neno gani. Mwendesha mashtaka akasema, neno, mheshimiwa. Hakimu akataka lisomwe ili liingie kwenye kumbukumbu. Mwendesha mashtaka akaeleza kwamba kulitamka neno hilo ndilo kosa lenyewe, na yeye ana watoto. Akaitwa askari aliyekuwepo. Askari akaapa kwamba alilisikia vizuri na akalisahau palepale, kama mafunzo yanavyotaka.

Wakaitwa watu wa madungu. Kila mmoja alisema alipokea. Alipokea kwa nani? Kwa dungu lililotangulia. Aliona nini? Mwenye kupokea haangalii, mheshimiwa, anapokea. Walikuja mmoja baada ya mwingine, kesi ikapanda bonde dungu kwa dungu, hadi ikafika kwa Ndembo. Naye akasema alipokea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na utani wa kuongeza. Aliangalia sakafu.

Siwazuri akasimama bila kuitwa.

"Nilianza mimi," alisema. "Hao waacheni waende wakaamie, ndege hawana kesi leo."

Hakimu alikuwa mtu mzima aliyetaka kustaafu salama. Akamsogelea kwa maneno matamu. Alimwambia serikali haina kinyongo. Kinachotakiwa ni lile neno jingine tu, walilomfundisha. Alitamke hapa hapa, hata kwa sauti ya chini, dirisha litafunguliwa, na serikali italihesabu kuwa lilisemwa siku ile kule bondeni. Faili litafungwa.

"Sema tu, mama, uende nyumbani."

"Nyumbani wapi, mheshimiwa?" Siwazuri akamwuliza. "Nikilisema hilo, huko nyumbani kutakuwa kumeshachukuliwa."



"Mnasema alimpata," akaendelea Siwazuri. "Sikatai, mimi si serikali. Nileteeni huyo ndege nimwone. Nikimwona amekufa, nitapanda juu ya paa la mahakama hii niite mpaka koo lipasuke."

Ombi likaonekana la busara, na amri ikatoka juu kwamba aletwe ndege aliyekufa. Waziri alitoa bata bukini mzima, mnene, akaagiza achinjwe na afikishwe mahakamani ndani ya kapu lenye lakiri. Lakini katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoshuka kutoka juu bila kupita ofisi, na kila ofisi ina jiko. Katibu mkuu alimwona bata bukini ni mkubwa kupita mahitaji ya ushahidi, akambadilisha kwa bata wa kawaida. Mkurugenzi akambadilisha bata kwa kanga. Mkuu wa wilaya akambadilisha kanga kwa jogoo. Kutoka kwa mkuu wa wilaya kushuka chini hakuna ajuaye kilichotokea, ila harufu ilisikika njia nzima.

Kapu likafunguliwa mbele ya mahakama. Lakiri ilikuwa salama. Ndani mlikuwa na paja moja la kuku, limeungwa nazi.

Siwazuri akalitazama kwa makini, kama alivyoahidi.

"Huyu amekufa kweli," alisema. "Lakini hakufa kwa marisau. Ameuawa na tui."

Mahakama ilicheka. Askari walicheka wakiwa wameziba midomo kwa kofia. Mwendesha mashtaka alicheka kwa mabega tu. Hakimu akagonga meza, akaahirisha kesi hadi marehemu wa kweli atakapopatikana, na akaamuru mshtakiwa apelekwe rumande. Rumande wakamkataa. Magereza ya nchi hiyo yana utaratibu, hayapokei mtu bila kosa kuandikwa, na aliyethubutu kuliandika hakupatikana. Mlangoni askari waliomleta walimwuliza mlinzi wamfanye nini mama huyu. Mlinzi akasema arudi alikotoka, yeye anafunga lango.

Siwazuri akarudi.

*

Jeshi lilitumwa Mbungala kumtafuta bata bukini aliyekufa kiserikali. Wanajeshi walisimama mashambani kutwa, bega kwa bega, darubini machoni, wakiikagua mbingu. Ndege walipoona bonde limejaa watu waliosimama wima, walihama wote. Msimu huo hakuliwa hata suke moja, na watu wa Mbungala, ambao ni waungwana, waliwapelekea wanajeshi uji.

Pazi alikuja siku ya kupura. Alimkuta Siwazuri amesimama kwenye turubai, kitambaa kichwani, akiupiga mganda juu ya gogo, punje zikiruka kama mvua. Pazi alikuwa amevaa viatu vya kung'aa. Alizunguka zunguka, akasifu mavuno, akasogea karibu, akateremsha sauti. Alisema huko juu hawataki makubwa tena. Si lazima awe bata mzima. Kama Siwazuri angeweza tu kukumbuka unyoya, unyoya mmoja uliodondoka siku ile, wizara ingejua namna ya kujenga ndege kuuzunguka. Yeye Pazi ameahidiwa kupandishwa cheo.

Siwazuri akamaliza mganda aliokuwa nao, akaukung'uta, akautupa pembeni.

"Hata unyoya haukudondoka, Pazi. Na wewe ulikuwepo."

Akachukua mganda mwingine kutoka rundo lililoletwa toka ng'ambo ya mto, akamsukumia kifuani mpaka akaukumbatia bila kupenda.

"Huu ni wa mama yako. Mgongo wake hauwezi tena, na aliita siku nzima ile mpaka sauti ikamkauka. Vua viatu."

Pazi akatazama barabarani, hakuna gari. Akatazama wanajeshi, wote macho yalikuwa mbinguni. Akaweka mganda chini taratibu, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.